Kupima Pato la Wilaya: Somo Kutoka Ufukwe wa Ziwa Victoria

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida msemo huo huelekezwa kwa mwenye duka, lakini unaihusu pia serikali, ambayo daftari lake ni takwimu. Katika daftari hilo umo ukurasa mmoja unaotakiwa na wengi na kuchunguzwa na wachache: ule unaoeleza kaya ya kawaida katika kila wilaya ina pato kiasi gani, na kama pato hilo limepanda au limeshuka katika miaka kumi au ishirini iliyopita. Makala haya yanashikilia kwamba ukurasa huo unaweza kuandikwa kwa uaminifu, ila kwa masharti ambayo ni rahisi kuyasahau. Na kwamba tarakimu ya wilaya inayotolewa bila kiasi chake cha shaka ni afadhali isitolewe.

Jambo hili si la nadharia tupu. Mwaka 2004 Serikali ya Tanzania ilianzisha utaratibu wa kugawa ruzuku za halmashauri kwa kanuni badala ya mazoea. Katika sekta ya afya, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 70, na idadi ya watu maskini ilipewa asilimia 10. Maana yake ni kwamba kadirio la umaskini wa wilaya liligeuka kuwa dawa katika zahanati na mafuta katika gari la wagonjwa. Kadirio likikosea, mwananchi wa Kwimba au Ukerewe hulipa kosa asilolijua.

Wastani na kaya ya katikati

Kwanza yafaa ifahamike kinachopimwa. Wengi wakisikia neno pato la wilaya hufikiria wastani, yaani jumla ya mapato yote ikigawanywa kwa idadi ya kaya. Katika jamii ambamo wachache wana vingi, wastani hupotosha. Na uchukuliwe mfano wa kubuni wa kitongoji kimoja cha wavuvi chenye kaya 9. Kaya nane zinapata kwa mwezi shilingi 90,000, 110,000, 130,000, 150,000, 170,000, 190,000, 220,000 na 260,000. Kaya ya tisa ni ya tajiri mwenye mitumbwi na injini, naye anapata shilingi 2,280,000. Jumla ni shilingi 3,600,000, na wastani ni 400,000. Lakini kaya nane kati ya tisa hazifikii hata theluthi mbili ya wastani huo! Zikipangwa kwa mstari kutoka ya chini hadi ya juu, kaya ya tano, iliyo katikati, ina shilingi 170,000. Hilo ndilo pato la katikati, ambalo wanahisabati huliita mediani. Tajiri akiongeza mitumbwi mingine kumi, wastani utaruka juu, bali pato la katikati litabaki palepale, kwa kuwa maisha ya kaya ya katikati hayakubadilika.

Mkoa wa Mwanza umewahi kulionyesha jambo hili kwa ukubwa. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wakati Geita ilikuwa bado wilaya ya Mwanza. Dhahabu yake ilihesabiwa katika uzalishaji wa mkoa, na kwa hiyo katika wastani wa kila mkazi, hata wa mkulima wa pamba aliyekuwa hajawahi kuuona mgodi. Pato la katikati lisingedanganyika kwa njia hiyo. Ndiyo sababu ni kipimo bora kwa anayetaka kujua hali ya mwananchi wa kawaida.

Ugumu wa kuuliza

Kujua kipimo kilicho bora ni jambo moja, kukipata ni jambo lingine. Mwenye mshahara huweza kutaja pato lake kwa neno moja. Mkulima wa pamba hupokea fedha katika msimu wa mauzo, kisha hula mpunga na viazi vya shamba lake ambavyo havikupita sokoni kabisa. Mfugaji huweka akiba yake katika ng'ombe, naye huuza mmoja siku ya haja. Kwa sababu hiyo Ofisi ya Taifa ya Takwimu, katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, hutegemea zaidi matumizi kuliko mapato inapopima hali ya maisha: kilichonunuliwa, kilicholiwa kutoka shambani, na kilichopokewa kama zawadi, vyote vikiwekewa thamani ya fedha. Hivyo anayesoma taarifa hizo na aelewe kwamba neno pato mara nyingi huwakilishwa na matumizi.

Hata matumizi yana hila zake, na wavuvi wa dagaa ni mfano mwema. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Mbalamwezi inapong'aa sana taa haina nguvu, na mitumbwi hupumzika mwaloni. Mdadisi akifika kisiwani katika juma la giza na kuuliza matumizi ya siku 7 zilizopita, atakuta fedha inazunguka. Akifika katika juma la mwezi mpevu, atakuta watu wale wale wakila kwa mkopo. Daftari la matumizi linaloandikwa kila siku kwa siku 28, kama lilivyotumiwa katika utafiti wa mwaka 2011/12, hukaribia mzunguko mzima wa mwezi na hivyo huifuta tofauti hiyo. Swali la siku 7 haliwezi kuifuta kwa kaya moja moja.

Uzito wa namna ya kuuliza umekwisha kujaribiwa nchini kwa njia ya kisayansi. Katika miaka ya 2007 na 2008, watafiti waliwagawa wakazi wa kaya zipatazo 4,000 katika wilaya saba, Shinyanga ikiwamo miongoni mwa mikoa iliyohusika, katika makundi 8 kwa bahati nasibu. Kila kundi lilipimwa matumizi yake kwa njia tofauti: baadhi kwa daftari, wengine kwa kukumbuka siku chache au nyingi, kwa orodha ndefu au fupi ya vyakula. Kwa kuwa makundi yalifanana, majibu nayo yalipaswa kufanana. Hayakufanana: kiwango cha umaskini kilitofautiana sana kutoka njia moja hadi nyingine. Si watu waliotofautiana, ila maswali.

Somo hilo limejidhihirisha pia katika takwimu za taifa. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya ulionyesha kwamba umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulishuka kutoka takribani asilimia 34 mwaka 2007 hadi asilimia 28.2 mwaka 2011/12. Wakati huohuo utafiti mwingine, unaozirudia kaya zile zile na kuuliza matumizi ya siku 7, ulionyesha umaskini ukipanda kutoka karibu asilimia 15 mwaka 2008/09 hadi karibu asilimia 18 mwaka 2010/11. Mfuko mmoja wa taifa, mizani miwili, na sindano zikielekea pande mbili! Hakuna uongo hapo. Kuna vipimo viwili visivyolingana. Kosa hutendwa na yule anayechukua tarakimu ya mwanzo katika utafiti mmoja na ya mwisho katika utafiti mwingine, kisha akatangaza maendeleo au maangamizi.

Kaya chache, wilaya nyingi

Sharti la pili ni wingi wa kaya zinazoulizwa. Utafiti wa mwaka 2017/18 ulihoji zaidi ya kaya 9,400 katika Tanzania Bara, ambayo ilikuwa na mikoa 26. Kama kaya hizo zingegawanywa sawasawa, kila mkoa ungepata takribani kaya 360. Mkoa wa Mwanza una halmashauri 8. Kila moja ingepata kaya 45. Je, kaya 45 zaweza kusema nini juu ya pato la katikati?

Mwanafunzi aliyejifunza uwezekano anaweza kujibu mwenyewe. Kaya yoyote iliyochaguliwa kwa bahati nasibu ina nafasi sawa ya kuwa chini au juu ya pato halisi la katikati, kama sarafu inavyoweza kuangukia upande huu au ule. Kwa hiyo kuchagua kaya 45 ni kama kurusha sarafu mara 45. Hesabu huonyesha kwamba, kaya hizo zikipangwa kwa mstari, katika majaribio takribani 95 kati ya 100 pato halisi la wilaya litakuwa mahali fulani kati ya kaya ya 16 na kaya ya 30. Hiyo ni theluthi nzima ya mstari. Kwa kaya 360 za mkoa mzima, nafasi hiyo hupungua na kuwa kati ya kaya ya 162 na ya 199, yaani kama sehemu moja ya kumi ya mstari. Yafaa pia ikumbukwe kwamba shaka hupungua polepole: anayetaka kuipunguza kwa nusu sharti aongeze kaya mara nne.

Hali halisi ni ngumu zaidi, kwa kuwa kaya hazichaguliwi moja moja kutoka wilaya nzima. Katika utafiti huo wa 2017/18 zilichaguliwa kaya 12 katika kila eneo la kuhesabia watu. Kaya 45 basi ni maeneo manne tu. Wilaya ya Ukerewe ina kisiwa kikubwa chenye wakulima, ina Ukara yenye kilimo chake cha pekee, na ina visiwa vidogo vingi vya wavuvi. Maeneo manne yakiangukia yote katika mashamba ya bara la kisiwa, kambi za wavuvi zitakuwa hazikusema neno. Utafiti wa miaka mitano baadaye ukiangukia kambi mbili, pato la Ukerewe litaonekana limepaa, ilhali kilichobadilika ni kura.

Kuukopa uwezo wa sensa

Wataalamu hawakukata tamaa mbele ya ugumu huu. Nchini Marekani, ambako kuna kaunti zaidi ya 3,000, Robert Fay na Roger Herriot walionyesha mwaka 1979 jinsi kadirio la mahali padogo linavyoweza kuimarishwa kwa kuchanganya sampuli ndogo na kumbukumbu nyingine za mahali hapo. Leo Idara ya Sensa ya nchi hiyo hutoa kila mwaka pato la katikati la kila kaunti, kwa kuunganisha utafiti wa kaya na kumbukumbu za kodi ya mapato na za misaada ya chakula. Tanzania haiwezi kuiga njia hiyo jinsi ilivyo, kwa maana mkulima na mvuvi hawajazi hati za kodi ya mapato. Kenya ilichagua kuongeza sampuli: utafiti wake wa 2015/16 ulipangiwa kaya 24,000 kwa kaunti 47, yaani zaidi ya 500 kwa kila kaunti kwa wastani.

Njia iliyofaa zaidi Tanzania ni kuiunganisha sampuli na sensa. Sensa humfikia kila mtu, lakini haiulizi matumizi; huuliza paa, kuta, maji, taa, elimu na vyombo vilivyomo nyumbani. Utafiti wa kaya huuliza hayo yote pamoja na matumizi, ila kwa kaya chache. Kwa hiyo uhusiano kati ya paa, elimu, taa na matumizi hukokotolewa katika sampuli, kisha hutumiwa kukisia matumizi ya kila kaya iliyomo katika sensa. Ripoti ya Umaskini na Maendeleo ya Watu ya mwaka 2005 iliyatoa makadirio ya wilaya kwa njia hiyo, ikiunganisha utafiti wa 2000/01 na sensa ya 2002. Wilaya yenye umaskini mdogo kuliko zote ilikuwa Bukoba Mjini, asilimia 11; yenye umaskini mkubwa kuliko zote ilikuwa Bunda, asilimia 68. Zote mbili ziko katika ufukwe wa Ziwa Victoria. Tarakimu moja kwa Kanda yote ya Ziwa ingeficha tofauti kubwa kama hiyo.

Hata hivyo njia hii ina udhaifu ambao hauna budi kutajwa waziwazi. Paa hubadilika polepole, pato hubadilika haraka. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilipozuia kwa muda samaki wa Ziwa Victoria, mvuvi wa sangara alipoteza soko mara moja, lakini bati la nyumba yake halikugeuka nyasi. Kadirio linalotegemea bati lisingeiona dhiki hiyo. Kinyume chake, katika kambi za visiwani fedha nyingi huweza kupita katika kibanda cha nyasi. Tena maana ya kitu hubadilika: taa ya umeme kijijini ilikuwa dalili ya utajiri mwaka 2002, lakini baada ya Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, kuvifikishia vijiji vingi umeme, dalili hiyo haina tena uzito ule. Uhusiano uliokokotolewa zamani usitumiwe kwa sensa mpya.

Kulinganisha miaka

Ugumu wa mwisho ni wa wakati. Kwanza kuna bei. Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, ulikuwa shilingi 36,482 mwaka 2011/12 na shilingi 49,320 mwaka 2017/18. Mtu ambaye matumizi yake yalipanda kwa asilimia 35 katika kipindi hicho, kwa kipimo hicho, alikuwa amesimama alipokuwa. Na bei za kisiwani, ambako unga na mafuta ya taa hufika kwa mashua, si bei za Jiji la Mwanza.

Kisha kuna mipaka. Sensa ya 2002 iliukuta Mkoa wa Mwanza na watu zaidi ya milioni 2.9, sensa ya 2012 iliukuta na watu kama milioni 2.77. Msomaji asiyejua angesema watu walikimbia. La hasha: mwaka 2012 Geita ilikuwa imekuwa mkoa wake yenyewe, na sehemu ya Magu ikawa Wilaya ya Busega katika Mkoa mpya wa Simiyu. Kosa kama hilo huonekana kwa urahisi katika idadi ya watu. Katika pato la katikati hujificha. Pato la Magu likibadilika baada ya kukatwa, hakuna ajuaye kama ni watu waliobadilika au ni mpaka, ila kama hesabu ya zamani imerudiwa kwa mipaka mipya.

Mwisho kuna watu wenyewe. Katika Mkoa wa Kagera, kaya zaidi ya 900 zilihojiwa miaka ya 1991 hadi 1994, na wanakaya wake wakatafutwa tena mwaka 2004 na 2010, popote walipohamia. Ilidhihirika kwamba kati ya mwanzo wa utafiti na mwaka 2004, matumizi ya waliohama yalikua kwa asilimia 36 za nyongeza kuliko ya ndugu zao waliobaki. Anayelinganisha pato la wilaya la miaka miwili hulinganisha mahali, si watu. Wilaya inaweza kubaki palepale huku watoto wake wakineemeka kwingine. Nayo yaweza kuonekana imepanda kwa sababu wenye fedha wamehamia.

Lipi lifanyike?

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa ya wasomi, kwamba mpangaji wa maendeleo anahitaji tarakimu leo, na tarakimu yenye kasoro ni bora kuliko kutokuwa nayo. Hoja hiyo ina ukweli wake: bajeti haiwezi kungoja ukamilifu. Lakini haifuati kwamba shaka ifichwe. Tarakimu iliyo uchi humfanya mpangaji aipange Misungwi juu ya Sengerema kwa tofauti ambayo huenda haipo. Tarakimu iliyoandamana na shaka yake humwambia kwamba wilaya hizo mbili hazitofautishiki, na kwamba haki ni kuzitendea sawa. Kukiri shaka si kuikataa kazi. Ni kuifanya kazi itumike pale inapoweza kutumika.

Kwa hiyo kila kadirio la wilaya lapaswa kuchapishwa kama pato la katikati pamoja na kiwango chake cha chini na cha juu. Mfululizo wa miaka uhesabiwe upya kila mipaka inapobadilika, kwa kuhifadhi kijiji kama tofali la msingi, kwa kuwa wilaya hugawanywa lakini vijiji vingi hubaki. Namna ya kuuliza inapobadilishwa, sehemu ya sampuli na iulizwe kwa namna ya zamani katika msimu uleule, ili tofauti ya vipimo ijulikane na iondolewe. Na makadirio ya sensa yapimwe dhidi ya kumbukumbu zilizopo kando ya Ziwa: uzito wa samaki katika mialo, na pamba iliyopokelewa na vyama vya msingi vya ushirika. Kumbukumbu hizo hazitoi pato la kaya, lakini hupaza sauti pale kadirio linapodai neema katika mwaka ambao mizani ya samaki na pamba ilikuwa mitupu.

Shule za sekondari nazo zina sehemu yake. Somo la takwimu hufundishwa mara nyingi kama kanuni za kukariri kwa ajili ya mtihani. Mwalimu anaweza kuandika namba 200 za mapato ya kubuni katika vikaratasi, akavitia kikapuni, na kila mwanafunzi akatoa 45, akatafuta namba ya katikati, kisha akavirudisha. Majibu yote yakiandikwa ubaoni, darasa zima litaona kwa macho jinsi kikapu kimoja kisichobadilika kinavyotoa majibu mengi. Mwanafunzi aliyeliona hilo mara moja hatadanganyika kwa urahisi atakapokuwa diwani, mwandishi wa habari au ofisa mipango. Mbele ya tarakimu yoyote ya wilaya atauliza maswali manne: kaya ngapi ziliulizwa, ziliulizwaje, kwa bei zipi, na ndani ya mpaka upi. Tarakimu inayoweza kuyajibu maswali hayo inastahili kugawa fedha za umma. Isiyoweza, na isubiri.